Habari za Mche Mweupe



Yako mambo ambayo macho yetu yameyazoea hata akili haiulizi tena habari zake. Mojawapo ni rangi ya majani. Mvua za kwanza zikinyesha hapa Singida, mwezi wa Novemba au Desemba, nchi iliyokuwa nyekundu na kavu kama kigae hugeuka kuwa kijani kwa muda wa siku chache. Nasi husema, "Mvua imekuja," tukashika majembe. Wala hapana aulizaye kijani kile kimetoka wapi. Lakini jani moja likichomoza jeupe, watu wote husimama na kuuliza, na asiyejua jibu hujitungia lake.

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mche mweupe, kwa sababu katika kijiji nifundishapo, upande wa Ikungi, miche michache ya mahindi ilikaribia kumtoa mtoto shuleni.

Habari yenyewe ni hii. Mzee mmoja, mkulima hodari, alipanda mahindi katika kipande cha shamba kilicho kando ya njia iendayo shuleni. Baada ya juma moja miche ikachomoza, na katikati ya miche ya kijani ikaonekana mingine myeupe kabisa, myeupe kama karatasi, tangu ncha ya jani hata shina. Haikufika arobaini, lakini ilitosha. Maana katika njia ile hupita kila asubuhi mtoto wa darasa la tatu mwenye ualbino. Jirani mmoja akanena neno, mwingine akaliongeza, na siku ya nne kijiji kizima kilikuwa kikisema ya kwamba shamba limechukua rangi ya mtoto. Wengine walitaka apite njia nyingine, ile ya porini iliyo ndefu zaidi. Wengine walisema afadhali akae nyumbani mpaka mavuno yapite.

Ninyi msomao mwajua kwa nini maneno hayo hayakuwa mchezo. Katika miaka iliyofuata 2006 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya Ziwa Victoria, kwa ajili ya uongo wa wapiga ramli. Hata mwezi wa Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wa namna hiyo. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa tangu mwaka 2000 kuwa zaidi ya 70. Mtoto wa namna hiyo kuambiwa apite porini peke yake, au afichwe nyumbani mbali na macho ya wenzake na walimu wake, si jambo ambalo mama yake angeweza kulikubali akalala usingizi.

Mwenyekiti wa kitongoji aliita baraza, nami nikaitwa kwa kuwa ni mwalimu. Mama wa mtoto alikuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake wenzake, asiseme neno. Niliposimamishwa nilimwuliza mzee jambo moja tu: "Mzee wangu, mbegu hii uliitoa wapi?"

Akajibu, "Ni mbegu yangu mwenyewe, Mwalimu. Nimeipanda miaka mingi. Mwaka jana jua lilichoma, mahindi yakafa, yakabaki mashina machache karibu na kichuguu. Nikachagua mahindi mawili yaliyokuwa makubwa, nikayaning'iniza jikoni juu ya moshi."

Nikamwuliza, "Je, yamekwisha yote?"

Akasema, "Imebaki nusu ya hindi moja."

Hapo nikawaomba wazee wangoje kidogo kabla ya kukata shauri. Tulichukua madebe mawili tukayapasua kwa ubavu, tukayajaza udongo wa mtoni. Katika debe moja tulipanda punje za mzee. Katika la pili tulipanda punje za nyumba nyingine, iliyo mbali na shamba lile. Na ili mtu asipate neno la kusema, madebe hayakuwekwa shuleni. Yaliwekwa uani kwa mwenyekiti, mahali ambapo mtoto yule hakufika hata siku moja, na mke wa mwenyekiti ndiye aliyeyanywesha maji. Miche ilipochomoza, debe la pili lilikuwa la kijani tupu. Debe la mzee lilikuwa la kijani, na ndani yake mna miche myeupe.

Mzee aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, ni mbegu." Wazee wengine nao wakainama mmoja mmoja wakaona. Lakini yeye hakuridhika na jibu hilo, nami namsifu kwa hiyo, maana aliuliza tena: "Mwalimu, mbegu hii imekosa nini? Imeota, ina mzizi, ina jani. Imekosa nini hata isiwe kijani?"

Swali lile halikuweza kujibiwa kwa maneno mawili, na niliyowaeleza siku ile nayaandika hapa kwa utaratibu zaidi.

Jani limejengwa kwa vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo seli. Ndani ya kila seli ya kijani mna vifuko vidogo zaidi, mara nyingi makumi, viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo mwanga wa jua utumiwamo kufanya chakula: mmea huvuta maji kutoka ardhini na hewa ya kaboni kutoka angani, kisha kwa nguvu za mwanga hufanya sukari. Uwele wetu na mtama wetu, mafuta ya alizeti tuyauzayo, hata vitunguu vipakiwavyo katika magari kwenda miji ya mbali, vyote vilianza humo.

Kloroplasti ina ngozi mbili za nje. Ndani yake tena mna tando nyembamba zilizorundikana kama chapati katika sahani, ziitwazo thailakoidi. Kijani chote cha jani kimo katika tando hizo za ndani. Tena kijani chenyewe, kiitwacho klorofili, hakikupakwa juu yake kama chokaa juu ya ukuta wa tembe. Kila chembe ya klorofili imeshikwa na protini, kama taa iliyotundikwa mahali pake. Iko protini moja ambayo kazi yake kubwa ni kukusanya mwanga, nayo hushika karibu nusu ya klorofili yote ya jani. Wataalamu huihesabu kuwa ndiyo iliyo nyingi kuliko zote zikaazo katika tando za viumbe duniani. Kwa hiyo ukitazama bonde la kijani baada ya mvua, kwa sehemu kubwa unatazama kazi ya protini hiyo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Protini hiyo haitengenezwi ndani ya kloroplasti. Kloroplasti inahitaji protini za namna 2,000 hadi 3,000, lakini yenyewe hujitengenezea namna zisizozidi mia hivi. Zote zilizobaki hutengenezwa nje, katika maji ya seli, kwa kufuata maandiko yaliyohifadhiwa katika kiini cha seli. Basi karibu kila moja hupaswa kusafiri, ipite ngozi mbili, iingie ndani, na yenye kazi katika utando wa kijani ifike mpaka katika utando huo. Kama mojawapo ikipotea njiani, kazi yake haifanyiki.

Je, yajuaje mahali pa kwenda? Karibu kila protini ipelekwayo kloroplasti hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada mbele yake, nacho ni mfano wa anwani juu ya bahasha. Katika ngozi ya nje pana lango, na katika ngozi ya ndani pana lango la pili. Wataalamu huyaita TOC na TIC. Lango la nje huitambua anwani, na protini hupitishwa kama uzi upitavyo katika tundu la sindano. Ikiisha kuingia, yuko kama mwenye mkasi aikataye anwani ile, kwa maana haihitajiwi tena.

Lakini safari haijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyo ngumu. Utando umefanywa kwa mafuta, na pande zake zote mbili pana maji. Protini ikusanyayo mwanga ina sehemu tatu zipendazo mafuta, ambazo hupaswa kuzama katika utando na kutokeza upande wa pili. Mnajua jinsi ilivyo mama akimimina mafuta ya alizeti katika maji: matone hukimbiliana na kushikamana. Protini hiyo nayo ikiachwa peke yake katika maji hukimbilia wenzake, wakawa donge lisilofaa kitu. Kwa hiyo mara iingiapo hupokewa na wachukuzi wawili, wajulikanao kwa namba zao, wa 43 na wa 54. Wa 43 huishika vizuri zile sehemu zipendazo mafuta zisigandamane, na wote wawili huichukua mpaka ukingoni mwa utando. Hapo yupo mpokeaji, na karibu naye pana mlango uiingizao protini katika mafuta, kila sehemu mahali pake. Ikiisha kukaa, nayo imeshika klorofili yake, kazi ya kupokea mwanga huanza.

Mlango huo una jina ambalo lilinistusha nilipolisoma mara ya kwanza. Unaitwa Albino 3.

Milango ya utando ule si mmoja. Uko mwingine, uitwao Sec, upitishao protini ikiwa bado ni uzi usiosokotwa, na yuko msukumaji aisukumaye kwa nguvu za seli. Uko wa tatu, uitwao Tat, ambao huweza kupitisha protini iliyokwisha kukunjwa, kama kupitisha kikapu kilichokwisha kusukwa. Nao hutumia nguvu itokayo katika tofauti ya uchachu kati ya pande mbili za utando. Tena ziko protini ndogo chache zijiingizazo katika utando zenyewe, pasipo mchukuzi wala bawabu. Njia hizi ni nne, na jani halina budi kuwa nazo zote.

Labda mtu atauliza, "Mambo haya yalijulikanaje, nayo hayaonekani?" Yalijulikana kidogo kidogo, kwa kazi ya watu wengi. Günter Blobel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1936 na kufanya kazi New York, alionyesha mwaka 1975, pamoja na mwenzake Bernhard Dobberstein, ya kwamba protini hubeba anwani yake katika mwili wake yenyewe. Kwa kazi yake hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999, na sehemu kubwa ya fedha za tuzo akaitoa kwa kujenga upya mji wa Dresden na kanisa lake kuu, vilivyoharibiwa katika vita mwaka 1945.

Habari za milango ya ndani, nyingine zilitoka katika mmea huu huu wetu, mahindi. Mwaka 1995 Rodger Voelker na Alice Barkan, wa jimbo la Oregon katika Marekani, walieleza habari za miche ya mahindi iliyokuwa hafifu na kufa ingali michanga. Waliichunguza wakaona ya kwamba katika namna moja ya miche imeharibika njia moja ya kupitisha protini, na katika namna nyingine imeharibika njia ya pili. Hivyo mche mgonjwa ndiye aliyekuwa shahidi ya kwamba njia ni zaidi ya moja. Mwaka 1997 wataalamu wengine walitangaza habari za mmea mdogo wa jamii ya haradali, uliokuwa mweupe na usioweza kuishi usipolishwa sukari. Katika maandiko yake palikuwa na neno moja lililokosewa, nao wakaliita Albino 3. Mwaka 2000 ikathibitika ya kwamba neno hilo ndilo liutengenezalo ule mlango wa protini ikusanyayo mwanga.

Sasa twaweza kumjibu mzee. Kwa nini mlango ukikosekana jani huwa jeupe, wala si kijani kibovu? Ni kwa sababu klorofili isiyoshikwa na protini ni kitu cha hatari. Hupokea mwanga, lakini haina mahali pa kuupeleka. Basi nguvu ile huigeuza hewa ya oksijeni kuwa kali, ikaunguza vilivyo karibu. Kwa hiyo mmea usio na washikaji hupunguza kufanya klorofili, na ile kidogo iliyofanyika huharibika juani. Kinachobaki ni weupe. Mche hula akiba iliyomo katika punje kwa muda wa majuma mawili au zaidi kidogo. Akiba ikiisha, hufa kwa njaa katikati ya mwanga. Miche myeupe ya mzee nayo ilikufa hivyo, ile ya shambani na ile ya debe.

Lakini msidhani kila weupe hutoka mlango mmoja. Sababu ni nyingi. Kuna mche usioweza kufanya klorofili yenyewe. Kuna usioweza kufanya rangi ya manjano iikingayo klorofili na jua. Na kuna ambao milango yake imeziba. Wala si kila neno likosewalo huleta kifo. Mwaka 2022 wataalamu wa Italia na wenzao walieleza habari za shayiri ambayo mchukuzi wake wa 43 ni pungufu. Majani yake ni ya kijani hafifu, lakini ilipopandwa shambani ilizaa nafaka karibu sawa na shayiri nyingine. Basi rangi peke yake haitoshi kupima uhai wa kitu.

Mzee aliuliza tena, "Wazazi wa mbegu hii walikuwa kijani. Mimi niliwaona. Weupe umetoka wapi?" Swali hili ni jema, na jibu lake ni rahisi kuliko la kwanza. Kila mmea wa mahindi una maandiko yake mara mbili, nakala moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja ikiwa na kosa na ya pili ikiwa nzima, mmea hutumia ile nzima ukawa kijani, wala hapana awezaye kuutambua kwa macho. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, katika kila watoto wanne, kwa wastani mmoja hupata nakala zote mbili zenye kosa, naye huwa mweupe. Katika shamba letu walikuwa pungufu ya hapo, kwa sababu upepo huleta chavua ya mahindi kutoka kwa mashina mbalimbali, na si yote yenye kosa. Lakini yale mashina machache ya karibu na kichuguu, yaliyopona ukame, yalikuwa ndugu kwa ndugu wa mbegu moja iliyorudiwa miaka mingi. Ndugu wakizaana, makosa yaliyofichwa hukutana. Ule ukame ndio uliopunguza mashina, hata kosa la zamani likapata nafasi ya kuonekana. Na mtoto apitaye njiani na madaftari yake hana sehemu katika jambo hilo.

Hapo mama yule aliinua uso, akauliza neno lake la kwanza tangu baraza lianze: "Na mwanangu je, Mwalimu? Naye ni kosa la mbegu?"

Wasomaji, swali la namna hiyo lataka kujibiwa kwa uangalifu. Nilimjibu hivi. "Mama, kuna jambo moja linalofanana, na jambo moja lililo mbali kabisa."

Linalofanana ni hili. Rangi ya ngozi yetu, iitwayo melanini, nayo hutengenezwa katika vifuko vidogo ndani ya seli, na vifuko hivyo vina utando. Katika utando huo hukaa protini iitwayo P, ambayo husaidia kuweka uchachu wa ndani katika kipimo kifaacho kwa kazi ya kufanya rangi. Mwaka ule ule wa 1995, Dkt. Luande wa Tanzania pamoja na wenzake wa Marekani walieleza ya kwamba kwa Watanzania wenye ualbino, mara nyingi kipande cha maandiko ya protini hiyo kimenyofoka. Nao pia hurithi kwa njia ile ile: mtoto hupata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wenyewe huwa na rangi kama watu wote. Katika Tanzania imehesabiwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 hivi ana ualbino. Ukifanya hesabu utaona ya kwamba karibu mtu mmoja katika kila ishirini ana nakala moja ya namna hiyo, wala hajui. Wala si lazima wazazi wawe ndugu. Niliwahesabu waliokuwa barazani, tulikuwa kama watu sitini. Nikasema, "Basi hapa tulipo, huenda watatu kati yetu tunayo nakala hiyo, na pengine mmoja ni mimi." Hapana aliyecheka.

Lililo mbali ni hili. Kijani cha mmea ni chakula chake. Mmea usio na kijani hauna cha kula, hivyo hufa. Lakini rangi ya mwanadamu si chakula chake. Kwa ngozi ni mwavuli tu, na macho nayo huihitaji ili yaone vizuri. Mtu aliyezaliwa pasipo mwavuli huo hula, hukua, husoma, huoa au huolewa, huzaa, na kuzeeka kama wengine, maadamu akingwe na jua. Ahitaji kofia pana na mikono mirefu. Ahitaji mafuta ya kukinga jua. Mafuta ya namna hiyo yalianza kutengenezwa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC huko Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ngozi yake itazamwe na mganga wa hospitali mara kwa mara, kwa maana jua huweza kuleta saratani. Na kwa kuwa macho yake huona karibu zaidi kuliko mbali, aketi mbele darasani, aandikiwe kwa herufi kubwa. Kinachowaua watu hawa kabla ya wakati wao ni jua lisilokingwa, na ni wanadamu wenzao. Yote mawili yamo katika uwezo wetu kuyazuia.

Baraza lilikata shauri ya kwamba mtoto apite njia yake ile ile, tena watoto wakubwa wa jirani waende naye asubuhi na kurudi naye mchana. Mzee mwenye shamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mjukuu wake kwa kazi hiyo. Siwezi kusema ya kwamba kila mtu alishawishika siku ile. Iko nyumba moja ambayo mpaka leo huvuka upande wa pili wa njia imwonapo. Lakini hakukosa shule hata siku moja kwa ajili ya mahindi.

Sasa nataka kumalizia kwa maneno machache yawafaayo wakulima, maana tangu siku ile watu wengi wamenijia kuuliza.

Kwanza, jifunzeni kutambua. Mche uliochomoza mweupe kabisa, umetawanyika mmoja mmoja kati ya miche ya kijani, huo ni wa mbegu. Majani ya chini yakigeuka manjano baada ya mmea kukua, mara nyingi udongo una njaa ya naitrojeni, wekeni samadi. Jani likiwa na milia membamba ya weupe au manjano kwa urefu wake, huenda ni ugonjwa wa milia, ambao huletwa na wadudu wadogo warukao; mwiteni bwana shamba.

Pili, miche myeupe haiambukizi. Hamna haja ya kuichoma moto wala kulitakasa shamba. Itakufa yenyewe. Na mahindi ya miche ya kijani iliyo jirani yake yaliwe pasipo hofu yoyote.

Tatu, msitoe mbegu ya mwaka ujao katika kipande hicho. Kung'oa miche myeupe hakutoshi kuisafisha mbegu, kwa sababu ndugu zao wengi wa kijani wanayo nakala ya kosa iliyofichika.

Nne, msichague mbegu katika mahindi mawili matatu, hata kama ni makubwa na mazuri kiasi gani. Chagueni katika mashina mengi yenye afya, makumi ya mashina, kutoka katikati ya shamba, mkachanganye punje zake. Mwaka wa ukame ukiwaachia mashina machache tu, kuleni mavuno yake, na mbegu mkabadilishane na watu wa kijiji cha mbali au mkanunue.

Mzee yule amefanya hivyo. Msimu uliofuata alikwenda mpaka upande wa Iramba kwa shemeji yake, akarudi na kikapu cha mbegu iliyochanganywa kutoka mashamba matatu. Naye hakuichukua nyumbani moja kwa moja. Alipita kwangu kwanza, akaniomba madebe.